Kahawa ya London

Kazija wa Tanga aliomba kazi ya kutafsiri, ile ya kufanyia nyumbani. Meneja, Bwana Sanze, alimhoji kwa video akiwa amevaa koti zito, nyuma yake pazia nene. Alisema yuko London.

"Mimi huku nalipwa milioni tisa kwa sababu hata mkate ni ghali," alisema. "Wewe nitakupa laki nne. Tanga maisha rahisi, dada, samaki si mnaokota tu?"

Kazija aliomba siku mbili afikirie. Siku ya tatu Mama Ngonyani, mwenye kampuni, naye aliingia kwenye video kutoka Dodoma.

"Laki nne nimekubali," alisema Kazija. "Ila mkataba useme kila mtu atalipwa kulingana na mji anaokaa. Sitaki kusikia kuna mwenye upendeleo."

"Ndicho ninachohubiri kila siku!" alisema Sanze, akijifuta jasho.

"Hata meneja?"

"Hata mimi! Mama, andika."

Mama Ngonyani akaandika.

Kazija akatazama saa. "Baridi ya huko vipi, bosi?"

"Wee! Theluji mpaka magotini."

Mlango ukafunguliwa nyuma ya Sanze. Ukasikika mlio wa vikombe, uleule ambao Kazija aliusikia siku ya usaili, akaingia mzee na birika lake.

"Bosi, kahawa yako ya kila siku. Leo usitoe hela, jirani yako Kazija wa barabara ya nane ameshalipa."

"Mama," alisema Kazija, "naona zile milioni tisa za London hazina mwenyewe."