Mkono wa Liwali Ulipoteleza

Hapo zamani, watu walipokuwa wakipiga makofi kwanza ndipo waulize kuna nini, alikuwapo Liwali Mundhiri, mpenda sataranji asiyeijua. Na hajapata kufungwa hata siku moja! Akiweka kete vibaya, husema, "Mkono umeteleza," akairudisha. Wewe wako ukiteleza, shauri yako.

Liwali huyo alimnyang'anya Bi Mize shamba lake la mikarafuu. Kisha, kwa kujiona, akatangaza: "Atakayenifunga sataranji, shamba lile lake."

Vuai, mwanawe Bi Mize, alikuwa fundi wa mchezo. Wakakaa barazani kwa Liwali, ng'ambo tu ya ua wa shamba. Karafuu zimeiva, na mama mtu amesimama kando ya ua na pakacha tupu, anasubiri. Vuai akambana Liwali. Mkono ukateleza. Akambana tena. Ukateleza tena. Lo! Vuai akataka kulia. Utamfungaje mtu asiyekosea?

Pembeni alikaa Chande, mpambe wa Liwali, hodari wa kuvisha watu kilemba cha ukoka. Sataranji haijui, kazi yake kusifu. Liwali alipomweka mfalme wake pabaya kupita pote, Chande akaruka: "Mashallah! Hapo pana akili, Bwana!" Baraza zima likapiga makofi. Liwali akamgusa mfalme amrudishe, akayasikia makofi yale, akaona haya, akamwacha palepale.

Vuai akasogeza farasi. Mfalme hana pa kwenda.

"Bwana Liwali, shamba letu," Vuai akasema. "Nimekufunga mimi."

"Wewe?" Chande akacheka. "Bila sifa zangu angerudisha kete mpaka kiyama. Shamba langu."

Liwali akaweka sawa kilemba chake. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nimekubali. Lakini nani aliyeiweka kete ile? Mimi. Nani aliyekataa kuirudisha? Mimi. Basi aliyemshinda Liwali ni Liwali. Shamba langu."

Watu, kwa mazoea, wakapiga makofi.

Bi Mize akayasikia kule kando ya ua. Akajua mwanawe ameshinda. Akapiga kigelegele, akaruka ua, akaparamia mkarafuu wake wa kwanza na kuanza kuchuma.

Haya, jamaa zangu, mbona mwanitazama tu? Je, nani alistahili shamba lile? Na nani kati yenu atakwenda kumwambia Bi Mize ashuke?