Wote Waliomaliza Walipona

"Mwongozo wa Rangi ya Wino Inayokubalika katika Fomu za Utafiti wa Tiba, Toleo la Tatu, Pamoja na Marekebisho Yake." Hilo, wapendwa, ndilo jina kamili la kitabu alichobeba mkaguzi mmoja alipotumwa hospitalini kupima utafiti wa dawa mpya ya nimonia. Kurasa thelathini na nane. Neno "mgonjwa" limo mara mbili, na moja ni kwenye shukrani.

Hospitalini humo kulikuwa na mwanamke ambaye mumewe alilazwa, mapafu yamejaa. Mume alikuwa akitumia dawa za kawaida, na kwa siku mbili alikuwa ameanza kunywa uji. Sasa watafiti walitaka aziache dawa hizo, achomwe ile sindano mpya, siku saba mfululizo. Mkewe akapewa fomu, akaambiwa atie saini kabla ya saa tisa. Kusoma alijua, hakujua amwamini nani. Alipomwona mgeni mwenye tai akiingia ofisini, akaketi nje kumsubiri.

Ndani, mkaguzi akakagua. Wino wa bluu kila ukurasa. Mihuri mahali pake. Akafika kwenye matokeo: waliomaliza sindano saba, arobaini na mmoja, waliopona, arobaini na mmoja.

"Daktari, wote?"

"Wote, bwana mkaguzi."

Sista wa wodi, aliyekuwa akipanga mafaili, akasema bila kugeuka, "Walioanza walikuwa sitini na watatu."

"Na hao ishirini na wawili?"

"Hawakumaliza dozi," daktari akajibu. "Kwa taratibu zetu, asiyemaliza anatoka kwenye hesabu."

"Kwa nini hawakumaliza?"

"Walikufa," akasema Sista.

"Sista! Hilo ni suala la mahudhurio."

Mkaguzi akafungua mwongozo wake, akapekua. Kifungu cha wafu hakikuwemo. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna wagonjwa waliobaki na dawa za kawaida ili walinganishwe. Akaambiwa hao si wa mradi. Mkaguzi hakuwa mjinga, wapendwa. Alielewa yote. Lakini fomu yake ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kutia tiki, akatia.

Alipotoka, yule mwanamke akasimama.

"Samahani baba. Ndiwe uliyetumwa kuiangalia hii dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie kama unavyomwambia mama yako mzazi. Nitie saini, nisitie?"

Ninyi mngemjibuje? Kusema "usitie" kunachukua muda gani? Mkaguzi akaichukua ile fomu, akaigeuza mbele na nyuma.

"Fomu yako iko sawa, mama. Ila utumie wino wa bluu."

Akamwazima kalamu yake.

Mnacheka. Chekeni, nami nilicheka, hadi nilipolifungua daftari letu la shuhuda. Si mnalijua? Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunawaita walioombewa wakapona, wanakuja mbele, vigelegele vinapigwa, katibu anaandika. Wiki hii nimelisoma lote, miaka kumi na moja. Aliyeombewa akafa hayumo hata mmoja! Sasa yale makaburi nyuma ya kanisa ni ya ushirika gani?

Mjane tumempa benchi la mwisho, naye amejifunza kunyamaza, maana ushuhuda wake utatuharibia ripoti. Akithubutu kuuliza, tunamwambia imani ya marehemu ilipungua. Yaani hakumaliza dozi. Kana kwamba Mungu anahitaji tumfichie maiti! Na mgonjwa mwingine akija kutuuliza kama aache vidonge vya hospitali, sisi tunaojua kilichompata yule wa kabla yake tunamjibu nini? Tunamfungulia daftari, asome waliopona.

Nilitafuta neno la faraja la kumalizia. Sikulipata, na sitawatungia.

Najua mnataka kujua habari za yule mume. Mkewe alitia saini. Dawa za kawaida zikasimamishwa. Akachomwa sindano tatu, na siku ya nne asubuhi akafa. Kwenye ripoti hayumo.