Legeza Usukani

“Legeza usukani, ufunguo utageuka.” Mmeisikia leo gereji, mkacheka, kisha mkaniuliza nani aliisema kwanza. Basi kaeni, chanzo chake ni hiki.

Kule Nzega palikuwa na dereva mstaafu, Lugembe, mkaidi kama punda. Mkewe, Minza, alirudi kwao Kahama baada ya Lugembe kumfokea mbele ya wageni. Lugembe akatuma wazee na neno moja: “Arudi nyumbani.” Minza hakurudi. Lugembe akawatuma tena na neno lilelile. Wakarudi mikono mitupu.

Nyumba ikawa kubwa. Kila jioni Lugembe alijikuta amesonga ugali wa watu wawili, kiporo akawapa kuku. Upweke ulimtafuna, ingawa asingekiri hata kama angekabwa koo.

Asubuhi moja akaazimia kwenda mwenyewe kumleta Minza, atake asitake. Gari lake kuukuu lilikuwa limeegeshwa tairi la mbele likiwa limebana kwenye jiwe, na usukani umejifunga. Ufunguo ukagoma. Akaulazimisha kwa hasira mpaka ukakatikia ndani.

Fundi Shija akaja, akafungua kava la chini ya usukani, akang'oa swichi ya ufunguo na loki yake, ile inayofunga usukani, akapachika mpya. Lugembe akageuza ufunguo. Wapi!

“Hata hii mbovu!” akafoka.

“Nzima, mzee wangu. Tairi limebana, usukani unaikaza loki. Unauonea ufunguo bure. Usogeze usukani kidogo, upande unaokubali. Taratibu. Haya, geuza.”

Ufunguo ukageuka kwa vidole viwili. Injini ikanguruma, lakini Lugembe hakuondoka. Machozi yalimlengalenga.

“Shija,” akasema, “nimetuma wazee mara mbili, wala sijawahi kusema nimekosa.”

Kahama alimkuta Minza uani akipepeta mchele. Minza hakuinua macho. Neno “twende” lilimfika Lugembe mdomoni, akalimeza. Akavua kofia, akachuchumaa mbele ya ungo, wakwe na majirani wakimtazama.

“Nilikudhalilisha mbele ya watu. Nimekosa, mke wangu.”

Minza aliendelea kupepeta. Kisha akauweka ungo chini.

“Umekonda,” akasema. “Ulikuwa unakula nini?”

Njiani wakirudi Nzega, Lugembe akamsimulia habari ya swichi, na Minza akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Tangu siku hiyo, kila mumewe alipopandisha sauti, yeye alimwambia tu, “Legeza usukani, ufunguo utageuka.”