Chupa ya Uji ya Jumamosi

Kaeni, wapendwa. Wimbo umetosha.

Naziona fulana. Nyeupe, nzuri, picha ya mzee wetu kifuani akiwa na nishani zake za jeshi, na mgongoni mmeandika "Tutakukumbuka daima". Nje naliona turubai, na harufu ya pilau imenifikia hapa madhabahuni. Ratiba niliyopewa ina watu kumi na mmoja wa kutoa neno, na mimi nimepangiwa kusoma wasifu wa marehemu. Wasifu huu hapa, kurasa nne. Sitausoma. Nitawapa mfano badala yake, na mtanivumilia sauti yangu, kwa sababu nina hasira leo na sitaki kuwaficha.

Kulikuwa na mwenyekiti mmoja wa jumuiya, katika kijiji cha huku juu kwenye baridi. Mtu safi. Hanywi, hagombani na mkewe, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa matope. Jumuiya yake ilikutana kama yetu inavyokutana, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, leo kaya hii, wiki ijayo kaya ile. Wimbo, neno, sala, halafu majina. Mwenyekiti huvaa miwani, hufungua daftari lake gumu, huita. Ukijibu "nipo" unapata alama ya bluu. Usipojibu unapata X nyekundu. Na kanuni ya usharika mnaijua, sina haja ya kuwafundisha. Ukifikisha X kumi na mbili mfululizo, ukifa kengele haigongwi na mchungaji haji. Tuna lugha yetu laini ya kulisema jambo hilo. Tunasema, "Atazikwa na familia yake."

Mwenyekiti alilipenda daftari lile. Sisemi alikuwa mbaya. Aliamini kabisa kwamba siku ya mwisho malaika atamwomba alilete.

Katika jumuiya hiyo kulikuwa na mzee mmoja, askari mstaafu, ambaye kijiji kizima kilimwita Sajenti. Alirudi kutoka vitani na mguu mmoja usiokunja goti. Alikuwa akisimama wakati wa Sala ya Bwana, anasimama wima kama yuko gwaride, mikono imebana mapajani, na watoto walikuwa wakimwiga huku wakicheka. Mzee huyo alikuwa na shamba la miti ya misindano aliyoipanda mwenyewe ili imtunze uzeeni. Kanisa lilipokosa mbao za paa, aliikata yote. Hakusubiri kuombwa. Alikuja na toroli la ng'ombe, akashusha, akasema, "Hizi za kenchi," akageuza. Kila aliyekaa ndani ya kanisa lile asinyeshewe alikuwa amekaa chini ya uzee wa mtu yule.

Sasa, tangu Kwaresima ya mwaka ule, Sajenti akaacha kuja jumuiya. Jumapili kanisani yupo, benchi la nyuma, mguu wake ameunyoosha kwenye njia. Jumamosi hayupo. Mwenyekiti anaita jina, kimya. X. Wiki nyingine, kimya. X. Ilipofika X ya tisa, mwenyekiti akamfuata kwake, kwa upendo, kama kanuni inavyotaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai sana. Mzee wangu, jumuiya hatukuoni. Unaumwa?"

"Siumwi. Mguu ni uleule."

"Basi una sababu gani?"

Sajenti akamtazama kwa muda. Mwenyekiti baadaye alikuja kuukumbuka mtazamo ule, lakini siku hiyo aliuona ni wa kiburi. "Nina lindo," akasema Sajenti. "Jumamosi asubuhi nina lindo."

"Lindo gani tena, na wewe umestaafu?"

"Kuna malindo hayana kustaafu, mwanangu. Nenda salama. Msalimie mama."

Mwenyekiti akaondoka amekasirika. Njiani alijisemea, huyu mzee ananitania, yeye na ujeshi wake. Akafika nyumbani, akafungua daftari, na pembeni ya jina akaandika kwa mkono mzuri: "Ameonywa. Hana sababu."

Nimetaja mama. Mwenyekiti alikuwa na mama, na mama alikuwa amepigwa kiharusi. Mkono wa kulia haukufanya kazi tena, wa kushoto ulitetemeka. Aliishi chumba cha uani, kitanda karibu na dirisha. Siku za kazi mke wa mwenyekiti yupo nyumbani. Jumapili mume na mke wanapokezana, huyu ibada ya kwanza, huyu ya pili. Jumamosi hakuna kupokezana, kwa sababu mwenyekiti anaita majina, na mke wa mwenyekiti naye ana jina. Nani atakubali mke wake mwenyewe apate X mbele ya watu?

Kwa hiyo kila Jumamosi alfajiri walimpikia uji, wakaumimina kwenye chupa ya chai ili usipoe, wakaiweka juu ya kigoda kando ya kitanda pamoja na kikombe, wakamfunika blanketi, wakarudishia mlango. Wakirudi saa nne, chupa tupu, mama amekaa ameegemea mto, uso umepanguswa. Mwenyekiti alikuwa akiitikisa ile chupa na kumwambia mkewe, "Unaona? Mama anajimudu."

Niwaulize akina mama mliokaa hapa, mnaozijua chupa hizi. Kifuniko chake kinafunguliwa kwa mikono mingapi?

Mama alisema. Mara nyingi alisema. "Leo Sajenti kaninywesha uji," au, "Sajenti kaniketisha, kanifungulia dirisha nione jua." Lakini kiharusi kilikuwa kimeulegeza ulimi wake, na wakati mwingine alimwita marehemu mumewe kana kwamba yuko jikoni, basi mwanawe akaamua kwamba yote ni yale yale. Alimwambia mkewe, "Mama anaweweseka tena, usimbishie." Halafu akaenda kupanga wimbo wa jumuiya inayofuata.

Mwezi wa kumi na moja, Jumatano, Sajenti akafa. Alifia shambani, jembe mkononi, mvua ya kwanza ikiwa bado haijanyesha. Alhamisi binti yake akaja mbele ya baraza la wazee. Alisimama mlangoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

"Siwaombi mengi," akasema. "Hata mchungaji asipokuja. Naomba kengele tu, igongwe wakati tunamshusha. Baba aliipenda."

Mwenyekiti akafungua daftari. "Dada yangu, mimi sina neno na baba yako. Daftari ndilo linalosema. Tangu Kwaresima."

"Na daftari liliwahi kumuuliza alikuwa wapi?"

"Nilimuuliza mwenyewe. Hakuwa na jibu."

Mchungaji alikuwapo. Katika mfano huu mchungaji yupo, msifikiri nimemsahau. Mtu wa amani sana yule, hapendi ugomvi na wazee wake. Alikohoa, akaangalia juu kwenye kenchi, kenchi za misindano ya nani mnazijua, akasema, "Tufuate utaratibu." Akaweka saini.

Ijumaa wakamzika. Waislamu wa bondeni ndio waliochimba kaburi, kwa sababu wanajumuiya walikuwa wamezuiwa na utaratibu. Wazee watatu wenye mikongojo, wenzake wa vitani, walipiga saluti. Binti akasoma zaburi moja kwa sauti iliyokatikakatika. Kengele ikaning'inia pale pale ilipo, mita mia mbili kutoka kaburini, na kamba yake ikiyumba na upepo.

Jumamosi jumuiya ikakutana. Uji ukapikwa, chupa ikawekwa kwenye kigoda, mlango ukarudishiwa. Majina yakaitwa. Alipofika jina la Sajenti mwenyekiti akapiga mstari juu yake kwa rula, kwa sababu hapendi uchafu kwenye daftari, akaendelea na linalofuata.

Saa nne akarudi nyumbani. Akamkuta mama yake sakafuni, kati ya kitanda na kigoda, blanketi limemzonga miguuni, midomo imekauka na mkono wa kushoto umeinuliwa kuelekea chupa. Akambeba, akamlaza. Akaishika chupa aitikise kama kawaida yake. Ilikuwa nzito. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, na kifuniko hakikuguswa.

"Mama, mbona hukunywa?"

Mama akahangaika na ulimi wake, lakini alisema, na safari hii mwanawe alisikiliza. "Nimemngoja Sajenti. Mbona leo hajaja?"

Mwenyekiti akamgeukia, chupa ikiwa bado mkononi.

"Kila Jumamosi anakuja," mama akasema. "Tangu siku ile ya Kwaresima nilipoanguka, yeye akipita kwenda kwenye sala zenu akanisikia nalia. Nilikwambia. Alisema nisikusumbue sana, una kazi ya Mungu. Anaumwa?"

Mwenyekiti akakaa chini pale pale sakafuni na viatu vyake vinavyong'aa, chupa mapajani. Aliwaza zile X. Thelathini na tatu, alizijua bila kuhesabu, na kila moja aliiandika kwa kalamu yake wakati mtu yule yuko ndani ya nyumba yake, anafungua chupa yake, anamnywesha mama yake. Alikwenda kumwonya mtu anayemfanyia kazi yake ya uana, na mtu yule akamwambia, "Msalimie mama." Hakumwaibisha hata kwa neno moja. Angesema sentensi moja tu angepata kengele.

Sasa mnangoja niwaambie mwenyekiti alilia, akatubu, akalichoma daftari. Alilia, ndiyo. Halafu akafuta machozi akaitisha kikao, na kikao kikaamua kwamba Sajenti afanyiwe kumbukumbu kubwa. Turubai likakodiwa. Fulana zikachapishwa. Watu kumi na mmoja wakapangiwa kutoa neno.

Naona mmeinama. Inueni vichwa. Kwa kusema wenzetu sisi ni hodari, nyani haoni, na mnajua inavyoishia, sitaimalizia kanisani. Mlinipa kurasa nne za ukarimu wake. Zimeandika nishani, zimeandika mbao, zimeandika magunia ya viazi aliyowapelekea wajane. Jumamosi hazimo. Na mchungaji yule aliyekohoa, msihangaike kumtafuta kijiji cha pili. Mnamwona. Saini ni yangu. Nilikaa chini ya kenchi zake nikamnyima kamba ya kengele, na wiki hii nimeombwa nimsifu kwa dakika arobaini, na nikakubali, na pilau nitakula. Hasira yangu inaanzia hapa, kifuani kwangu, kabla haijafika kwenu.

Tumefanya nini, ndugu zangu? Tumemgeuza Mungu kuwa mtu wa kuita majina. Tumewaambia watu kwamba yuko pale penye wimbo na daftari, na Yeye asubuhi zile alikuwa chumba cha uani anapanguswa uji kidevuni. Alituambia mapema, tena kwa maneno mepesi, kwamba nalikuwa na kiu mkaninywesha, nalikuwa mgonjwa mkaja kunitazama. Hakuna mahali alipoandika, "Nalikuwa naita majina, mkajibu nipo." Sisi ndio tulioandika hilo, na kalamu nyekundu tukanunua wenyewe.

Na nilikuwa sijamaliza mfano. Umebaki mdogo.

Mwenyekiti alipokuwa amekaa sakafuni pale, mama alimwuliza mara ya pili, "Sajenti anaumwa?" Ikabidi amwambie. "Mama, Sajenti amefariki. Tumemzika jana." Akasema tumemzika, wakati hakuwapo. Mama akageuzia uso dirishani. Hakuuliza ibada ilikuwaje, hakuuliza nani alihubiri. Aliuliza jambo moja, na mimi tangu nilipolisikia sijalala vizuri.

Aliuliza, "Sasa Jumamosi nani anakuja?"

Hilo ndilo neno la kumi na mbili katika ratiba yenu. Wale kumi na mmoja wakimaliza kusema jinsi mtakavyomkumbuka daima, mtalijibu hilo, na hampiti kwenye pilau kabla hamjalijibu. Daftari liko kwangu, nimelichukua jana, halirudi. Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu kengele itagongwa, itagongwa na binti yake, muda wote atakaotaka. Mkiisikia, msije kwenye sala. Mimi sitakuwapo. Nitakuwa chumba cha uani, nafungua chupa ya uji, na mwenyekiti ameniahidi ataleta kijiko.

Haya. Wa kwanza kutoa neno, asimame.