Jini wa Biubwa

Biubwa, binti wa muuza vitumbua, alikuwa na rafiki jini, jina lake Kitwitwi. Walicheza na kucheka mpaka mtaa mzima ukajua.

Bwana Mbarouk, mwenye nyumba yao, tamaa ikamshika.

"Nipe huyo jini anitumikie, ama wewe na mama yako mhame!"

"Utampata, bwana. Ijumaa nitamleta ndani ya mtungi, barazani kwako, watu wakitoka msikitini. Ila ufunue mwenyewe, apate kumjua bwana wake."

Ijumaa baraza ikajaa. Bwana Mbarouk akakunja mikono ya kanzu, akashika kifuniko.

"Bismillahi!"

Mtungi ulikuwa mtupu.

"Jini yuko wapi, we mtoto?"

"Si umemsomea Bismillahi, bwana? Jini gani angengoja?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mtoto ametimiza ahadi," imamu akasema. "Wewe ndiye uliyemfukuza. Waache wakae kwao."

Nyumbani, Kitwitwi alikuwa uvunguni, hajatoka tangu asubuhi.

"Na kama angesahau kuisema?" akauliza.

"Ningemkumbusha," Biubwa akajibu, akimsogezea sahani ya vitumbua.

"Bismillahi," akasema Kitwitwi, akatia kimoja kinywani.