Mifupa ya Kampeni

Mwaka ule mvua iligoma, na nyika nzima ikabaki na kisima kimoja. Mwenyekiti wa kisima alikuwa Fisi, msimu wa saba mfululizo, kwa sababu ya upendo wake mkubwa kwa wanyama. Kwa upendo huohuo alipanga zamu: yeye kwanza, wazee wafuate, na vijana, ambao hakuchoka kuwaita taifa la kesho, walambe tope lililobaki.

Sungura alikuwa amelichoka tope hilo. Mdogo wake alikuwa na siku mbili bila tone la maji kinywani, na hata masikio hakuweza kuyainua tena. Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Sungura akaapa kwamba safari hii vijana watapiga kura, na Swala, binti asiye na makuu, akakubali kugombea.

Fisi alipopata habari alicheka mpaka akapaliwa. Hata hivyo aliwatembelea vijana, akamgawia kila mmoja mfupa. Nyama alikuwa ameimaliza mwenyewe, isije ikawadhuru watoto wa watu. Vijana wote walikuwa wala majani tangu kuzaliwa. Walimpigia makofi kwa adabu.

"Mgombea gani hajui hata tunakula nini?" Swala aliuliza baada ya Fisi kuondoka.

"Itunzeni mifupa hiyo," Sungura akasema. "Siku ya kura kila mmoja aje na wake, ameupasua, uboho uonekane."

Desturi yao ilikuwa mlolongo. Kila mpiga kura husimama nyuma ya mgombea wake, na Simba, msimamizi wa uchaguzi, akinguruma, ulipo ndipo ilipo kura yako. Wakilingana, kiti hubaki kwa mwenyekiti. Sheria hiyo Fisi aliitunga mwenyewe kwa ajili ya amani.

Siku ikafika. Wazee arobaini walijipanga nyuma ya Fisi, wakiwazia zamu zao. Nyuma ya Swala walisimama vijana arobaini, Sungura akiwa wa mwisho. Alihesabu mara mbili, akaingiwa na hofu. Simba naye hakuwa na haraka. Alisubiri jua limwangaze vizuri shingoni.

Upepo ukaleta harufu ya uboho. Fisi akameza mate, akajiambia ataonja mmoja tu, tena ni mali yake. Akaacha nafasi yake, akawapokonya vijana mmoja baada ya mwingine, macho chini, akiteremka na mstari. Sungura aliuweka mfupa wake chini nyuma yake, akampisha.

"Karibu, mzee."

Fisi akauinamia. Simba akanguruma.

"Fisi, arobaini. Swala, arobaini na moja, pamoja na ya huyu wa mwisho anayetafuna."

Fisi alilalamika kwamba hakuwa anapiga kura, alikuwa anakula tu. Akaomba kura zihesabiwe upya.

"Simba hahesabu mara mbili," Simba akajibu, akajiondokea.

Siku hiyohiyo mdogo wake Sungura alikunywa maji safi mpaka tumbo likamuuma. Fisi alielekezwa kwenye tope. Mchimba kisima huingia mwenyewe.