Mlango wa Benchi

Habari hii inatembea kwenye simu za wenye viti na za wanaovitazama viti. Sasa imekufikia wewe. Isome hadi chini kabla hujaamua utamtumia bosi gani.

Katika nchi moja ya kaskazini, ambako maziwa huganda mpaka malori yakapita juu yake, kulikuwa na chuo kidogo kilichojulikana kwa mambo mawili: maktaba nzuri na timu mbovu. Timu hiyo ilikuwa ya wasichana, nayo ilicheza mpira wa magongo juu ya barafu. Haikuwahi kuchukua kombe lolote. Kabati la vikombe pale chuoni lilipambwa kwa maua ya plastiki ili lisionekane tupu.

Kapteni wa timu alikuwa binti wa Voi. Usishangae. Mkamburi alijifunza kuteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, akaenda ughaibuni kusomea uhandisi, akavishwa viatu vya chuma, na kabla watu hawajamaliza kucheka alikuwa ameshawapita. Hakuna aliyemkaribia kwa kasi. Alilijua hilo, na alijua kwamba wengine wanalijua.

Mama yake alimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Kwa hiyo mnakimbia ndani ya friji," mama alisema.

"Juu ya barafu, Mama."

"Na mpira wenyewe?"

"Si mpira. Ni kisahani cheusi, kigumu kama kisigino cha kiatu."

"Mwanangu, umevuka bahari ukapige kisigino." Mama aliguna. "Haya. Huku ni yale yale. Mzee Mwakisha bado anaimba solo kwaya. Sauti iliondoka zamani, yeye amebaki. Tunamfunika kwa kinanda."

"Kwa nini hamumwambii?"

"Mwambie wewe uliye mbali."

Mkamburi alicheka mpaka akatokwa na machozi, kama mtu ambaye jambo halimhusu.

Sasa, mchezo huu una desturi moja ambayo lazima uielewe. Katika soka, mchezaji akitolewa ametolewa. Hununa, huvua kitambaa cha ukapteni, hukaa. Kwenye barafu sivyo. Uwanja umezungushiwa ukuta mfupi wa mbao, na benchi lina vilango viwili, kimoja kila upande. Wachezaji huingia na kutoka wakati mchezo unaendelea, huyu akitoka yule anaingia, kwa sababu kasi ile huunguza miguu kabla hata dakika moja haijaisha. Refa hamtoi mtu. Mchezaji hujitoa mwenyewe.

Mwaka huo chuo kilipata kocha mpya, Torunn, mwanamke mrefu na mkavu wa maneno. Yeye hakuita mtu kwa jina wala kupiga kelele. Muda wa mchezaji ukitimia, benchi zima liligonga magongo kwenye ukuta: ko, ko, ko. Maana yake ilikuwa moja tu: mlango huu hapa.

"Toka ukiwa bado na nguvu ya kutoka," aliwaambia siku ya kwanza, kisha akaenda kunywa kahawa. Hotuba ilikuwa hiyo.

Mechi ya kwanza, Mkamburi alizisikia zile ko, ko, ko. Alisema moyoni, mara hii tu. Akabaki, akawazunguka mabinti wawili, akafunga goli ambalo watu walilisimulia wiki nzima. Basi akabaki tena, na tena. Mechi ilipokaribia kwisha miguu yake ilikuwa uji. Alitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa mbali na adui alikuwa karibu. Alinyang'anywa kisahani palepale katikati, wakampita kama wanaopita nguzo ya stima, wakafunga. Walirudia hivyo hivyo, na timu ikapoteza.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Mkamburi alitupa glavu chini. "Bila mimi tusingepata hata lile moja."

Wenzake waliendelea kufungua kamba za viatu. Kocha Torunn alifikiri kidogo.

"Kweli," alisema. "Mechi ijayo wewe ni mlango."

"Mimi ni nini?"

"Mlango. Utakaa na Signy. Utafungua, utafunga."

Signy alikuwa kocha msaidizi, msichana aliyemaliza chuo juzijuzi. Watu walimwona akibeba chupa za maji, wakadhani kazi yake inaishia hapo.

Kapteni kuwekwa mlangoni! Mkamburi alikaa pale mkono kwenye komeo, uso umevimba kwa hasira, akifungua na kufunga kama askari wa geti. Kwa muda hakuona kitu isipokuwa aibu yake. Kisha akaanza kuona.

Aliona kwamba waliotoka mapema waliingia benchini wakitembea, wakaketi, wakanywa maji, na baada ya muda mfupi walikuwa wapya. Waliochelewa waliangukia mlangoni midomo wazi kama samaki waliotupwa ufukweni, na zamu iliyofuata hawakuwa na faida kwa mtu. Aliona pia kwamba kila mmoja aliyechelewa alikuwa na mtu aliyesimama akimngoja.

Wa kwake alikuwa Ragna.

Ragna alikuwa binti wa wafugaji wa ng'ombe, mpana wa mabega, wa mwisho kwa kasi katika timu nzima. Yeye ndiye aliyepaswa kuingia kila Mkamburi alipotoka. Yaani, kusema kweli, yeye ndiye aliyekuwa haingii. Siku hiyo nafasi ya Mkamburi ilichezwa na mwingine, na Mkamburi akamwona Ragna akisimama kabla hata magongo hayajagonga, kofia kichwani, gongo mkononi, macho kwenye barafu.

"Huwa unasimama mapema hivi?" Mkamburi aliuliza.

"Huwa nasimama."

"Hata mechi ile iliyopita?"

"Ile nilisimama mpaka Signy akaniuliza kama benchi lina misumari," Ragna alisema, akacheka. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Afadhali angekuwa nacho.

Mlango ulifunguka, Ragna akaingia. Mkamburi akafunga komeo, akamfuata kwa macho mpaka zamu yake ikaisha.

Basi tangu hapo mambo yakabadilika, na hata waliokuwepo hushindwa kuyaeleza vizuri. Timu haikupata mchezaji mpya. Wasichana walikuwa wale wale, pamoja na Ragna na uzito wake. Lakini magongo yakigonga, Mkamburi alitoka. Alitoka akiwa anashinda, alitoka akiwa anashangiliwa, alitoka hata pale goli lilipokuwa linamwita kwa jina. Na kapteni akitoka, nani atathubutu kung'ang'ania?

Ukiwatazama kutoka jukwaani ulidhani uwanja wenyewe unapumua: wanaingia, wanatoka, wanaingia, wanatoka. Timu pinzani zilianza kwa nguvu zikaisha kwa kukohoa, na hawa wasichana wa chuo cha maktaba walikuwa wapya kama asubuhi. Walishinda nyumbani, wakashinda ugenini. Mji ule wa watu wasiopenda makelele ukaanza kujaa barabarani na masufuria ya kugonga. Mhudumu wa usafi pale chuoni aliyatoa yale maua ya plastiki kabatini bila kuagizwa na mtu.

Wakafika fainali.

Wapinzani wao walikuwa chuo kikuu chenye uwanja mkubwa kuliko mji wao, na vikombe vingi hadi vingine vimewekwa vyooni, au ndivyo walivyojigamba. Kocha wa upande ule hakuwa mjinga. Aliwapa mabinti wawili kazi moja: "Kapteni yule Mwafrika. Anapokwenda mwende. Msimwache hata akienda kunywa maji."

Nao wakatii. Mkamburi hakupata nafasi ya kugeuka. Muda ukaisha wakiwa sare, wakaingia nyongeza, ambapo anayefunga kwanza ndiye bingwa, mchezo umekwisha hapohapo.

"Umevaa nguo nene?" mmoja wa wale wawili alimkejeli, begani kwake kabisa. "Huku si kwenu."

"Nimezaliwa Voi," Mkamburi alisema. "Nikitaka joto nitakwenda kwetu. Wewe ukitaka kombe utakwenda wapi?"

Na wakati huohuo kisahani kikamfikia. Alikuwa katikati ya uwanja, miguu ikiwa hai, mbele yake upenyo mdogo kati ya wale wawili. Mdogo, lakini yeye alishapita penye upenyo mdogo zaidi. Uwanja mzima ukasimama. Mkuu wa chuo, mzee aliyekuwa kwenye kiti hicho tangu walimu wake wakiwa wanafunzi, alisimama pia, mikono juu.

Ko, ko, ko.

Mkamburi alizisikia. Miguu ikamwambia, bado tupo. Moyo ukamwambia, mara hii tu. Alilijua neno hilo. Alijua lilikompeleka.

Akarudisha kisahani nyuma kwa beki wake, akageuka, akaelekea mlangoni.

Kelele zilizotoka jukwaani hazikuwa za kushangilia. Watu wake mwenyewe walizomea. Mkuu wa chuo alishika kichwa. "Amechanganyikiwa! Mrudisheni!"

Wale mabinti wawili waliambiwa wasimwache hata akienda kunywa maji. Na kweli, alikuwa anakwenda kunywa maji. Wakateleza naye bega kwa bega hadi mlangoni, kama wapambe wanaomsindikiza bibi harusi, na macho ya watu wote uwanjani yakaenda nao.

Kilango cha upande wa pili, kilicho karibu na goli la wapinzani, kikafunguka taratibu. Ragna akaingia uwanjani.

Hakuna aliyemtazama, na tangu msimu uanze hakuna aliyewahi kumtazama. Ila yule beki, ambaye mazoezini alimwona amesimama pale kila siku. Beki akapiga kisahani kirefu, moja kwa moja, kikaukata uwanja wote na kutua kwenye gongo la Ragna. Na mbele ya Ragna kulikuwa na nini? Barafu tupu, nyeupe, na golikipa.

Hakuwa na kasi. Hakuihitaji. Alikwenda kwa mwendo wake uleule, mzito na wa hakika kama trekta linaloingia shambani, na ukumbi ule mkubwa ukanyamaza mpaka watu wakasikia chuma cha viatu vyake kikikwaruza barafu. Golikipa akatoka. Ragna akangoja. Golikipa akalala. Ragna akakiinua kisahani juu yake polepole, kama mtu anayeweka chungu rafuni.

Mkamburi aliliona goli la ubingwa akiwa ameketi benchini na maji mdomoni. Hakuyameza. Kwa muda alikuwa amesahau namna ya kumeza.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa chuo. Mkuu wa chuo alitoa hotuba ndefu ambamo ilidhihirika kwamba ushindi ulianza na maono yake. Mwishowe akamgeukia Kocha Torunn.

"Tumeamua," alitangaza, "ukumbi huu uitwe kwa jina lako. Na timu hii ni yako maisha yako yote! Hatutakuachia kamwe!"

Watu wakapiga makofi. Torunn aliinuka, akachukua koti lake kitini.

"Signy," alisema, "gonga."

Signy alimtazama, macho yakamjaa machozi. Akachukua gongo lililoegemezwa ukutani, akagonga meza.

Ko, ko, ko.

Wageni waheshimiwa hawakuelewa. Wasichana walielewa papo hapo. Torunn akamwekea Signy filimbi yake ya mazoezi kiganjani, akamfunga vidole juu yake, akaanza kuelekea mlangoni.

"Lakini Kocha!" Mkuu wa chuo alipaza sauti. "Bado una nguvu!"

"Ndiyo maana naweza kutembea hadi mlangoni," Torunn alisema.

Ragna ndiye aliyeanza. Aligonga meza kwa ngumi zake nene. Mkamburi akafuata, timu yote ikafuata, kisha ukumbi mzima, ko, ko, ko, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Mkamburi alikimbilia mlango, akaufungua, akaushikilia wazi. Kazi hiyo alifundishwa. Kocha alipita, akamgusa bega, akatoka kwenye theluji bila kugeuka.

Jumapili mama akapiga simu.

"Hongera, mwanangu! Tumewaombea na kisigino chenu. Kocha anasemaje?"

"Ameacha kazi, Mama."

"Wamemfukuza?"

"Hapana."

"Anaumwa?"

"Hapana."

"Ameiba?"

"Mama!"

"Sasa mtu anaachaje kiti akiwa mzima, ameshinda, na watu wanampigia makofi?"

Mkamburi akamsimulia yote, tangu siku aliyowekwa mlangoni. Alipomaliza, upande wa Voi kulisikika kiti kikivutwa.

"Upo, Mama?"

"Nipo." Mama alishusha pumzi. "Hebu nisimulie tena, polepole. Jumapili ijayo nitaikalisha kwaya yote niwasimulie, na Mzee Mwakisha nitamweka mstari wa mbele." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na mimi mwenyewe uenyekiti wa akina mama wa kanisa ninao tangu hujazaliwa."

Funzo: Toka ukiwa bado unaweza kuufikia mlango kwa miguu yako mwenyewe, maana nyuma ya mlango huo kuna mtu aliyesimama muda mrefu akikungoja, na huenda goli unalolitafuta liko mikononi mwake.